Msamaha wa kodi ni nini, na nani hasa anaupata?

Tarehe 1 Julai 2018 taulo za kike ziliondolewa kodi ya ongezeko la thamani, ile VAT ya asilimia 18, Tanzania Bara yote. Ilikuwa habari njema. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2019, Waziri wa Fedha na Mipango wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alisimama bungeni Dodoma na kupendekeza msamaha huo ufutwe. Sababu aliyoitoa ni kwamba bei madukani haikushuka, kwa hiyo mlaji hakunufaika. Bunge likakubali, na msamaha ukafutwa.

Kwa mwaka mzima, basi, serikali iliacha kukusanya fedha zake ili msichana wa shule apate nafuu, na msichana hakuipata. Fedha hizo zilikwenda wapi?

Swali hili wasikilizaji wetu wa Kisarawe, Mkuranga, Rufiji na hata hapa Kiwalani huliuliza kwa namna nyingi kila bajeti inaposomwa: "Mbona tumesikia kodi imeondolewa, dukani bei ni ile ile?" Hewani tunajibu kwa dakika tatu, muziki unaingia. Hapa tunalijibu kwa kirefu, ulisome taratibu kwenye simu yako.

Maneno yenyewe kwanza

Mjini ukisema "kodi", mtu wa kwanza anayekuja kichwani ni mwenye nyumba. Hiyo ni kodi ya pango, na si tunayoizungumzia hapa. Tunazungumzia kodi inayokwenda serikalini kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, au kupitia halmashauri yako.

Msamaha wa kodi ni pale sheria inapotaja kitu, mtu au shughuli fulani na kusema: huyu hatozwi. Nafuu ya kodi ni pale anapotozwa, lakini kwa kiwango cha chini kuliko wengine. Likizo ya kodi ni pale anapoambiwa asilipe kwa miaka kadhaa, kisha ataanza. Kwa mlipaji yote matatu yana maana moja, fedha inabaki mfukoni mwake. Kwa Hazina pia yana maana moja, fedha haikuingia.

Usichanganye na ule msamaha wa riba na adhabu uliotolewa mwaka 2018 kwa waliokuwa na madeni ya kodi ya zamani. Pale deni la msingi lilibaki palepale, kilichofutwa ni nyongeza tu. Wala usichanganye na ruzuku, kama ile ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23. Ruzuku ni fedha ambayo serikali imeshaikusanya, ikaitoa. Inaonekana kwenye bajeti, ina tarakimu, mbunge anaweza kuihoji. Msamaha ni fedha ambayo haikuwahi kufika, na ndiyo maana ni vigumu kuuona. Hakuna cheki inayosainiwa.

Kwa nini bei ya taulo za kike haikushuka

Wengi husema ni tamaa ya wafanyabiashara. Tamaa ipo, hatukatai. Lakini hata mfanyabiashara mwema kabisa asingeweza kushusha bei kwa kiasi watu walichotegemea, na sababu imo ndani ya VAT yenyewe. Tuvumiliane kidogo kwenye hesabu. Tumechukua tarakimu nyepesi za mfano, si bei halisi ya kiwanda chochote.

Chukua kiwanda kinachouza pakiti moja kwa shilingi 2,000 kabla ya VAT. Kikiongeza asilimia 18, yaani shilingi 360, mnunuzi analipa 2,360. Lakini kiwanda nacho kilinunua malighafi, mifuko na umeme kwa shilingi 1,200, na juu yake kililipa VAT ya shilingi 216. Kwa utaratibu wa kawaida kiwanda kinakusanya zile 360, kinajirudishia 216 zake, na kinapeleka TRA shilingi 144. Hivyo ndivyo VAT inavyofanya kazi: kila mmoja kwenye mnyororo anapeleka kipande chake tu.

Sasa serikali inasema: taulo za kike zimesamehewa. Kiwanda hakiruhusiwi tena kuongeza 360. Lakini sheria inasema pia kwamba anayeuza bidhaa iliyosamehewa hawezi kujirudishia VAT aliyolipa kwenye manunuzi yake. Zile 216 sasa zinakuwa gharama yake. Ili abaki na faida ile ile, bei yake lazima iwe 2,216. Yaani punguzo kubwa kuliko yote ambalo kiwanda hicho kingeweza kulitoa bila kuumia ni shilingi 144, wakati mama nyumbani anasubiri 360.

Pakiti hiyo inatoka kiwandani, inapita duka la jumla, inapanda gari, inafika duka la kijijini lililo peke yake kwa kilomita kadhaa. Muuzaji aliyekuwa akiuza 3,000 hawezi kuuza 2,856. Hana chenji ya kurudisha, na hakuna duka la pili pembeni la kumfanya ajaribu. Anaacha 3,000. Zile 144 zimegawanywa njiani, na hakuna aliyevunja sheria. Nauli ya basi inapangwa na LATRA, mafuta yana bei elekezi ya EWURA, lakini pedi hazina anayezipangia bei.

Kuna jambo jingine ambalo halikusemwa sana wakati ule. Mwagizaji anayeleta pedi zilizokwisha kutengenezwa nje halipi VAT bandarini baada ya msamaha, na hana malighafi za kununua hapa. Yeye anapata karibu nafuu yote. Kiwanda cha ndani kinapata kipande. Kwa hiyo msamaha uliotangazwa kwa jina la msichana ulimpa nguvu zaidi mwagizaji dhidi ya kiwanda chetu.

Ipo njia nyingine, inaitwa VAT ya kiwango cha sifuri. Muuzaji anatoza asilimia 0, lakini anaruhusiwa kudai zile 216 arudishiwe na TRA. Hapo bei inaweza kushuka hadi 2,000 kamili. Bidhaa zinazouzwa nje ya nchi hutozwa hivyo. Kwa sikio, "kusamehewa" na "kiwango cha sifuri" ni kitu kimoja. Kwenye hesabu ni vitu viwili tofauti kabisa. Serikali huwa nzito kutoa sifuri kwa sababu lazima itoe fedha taslimu kurudisha, na marejesho ya VAT ni eneo ambalo udanganyifu wa risiti umeisumbua TRA miaka mingi.

Msamaha wa pedi ulipofutwa mwaka 2019, uliletwa mwingine badala yake: wawekezaji wapya wa viwanda vya taulo za kike walipunguziwa kodi ya mapato ya kampuni kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili. Angalia nafuu ilivyohama. Mwanzo ilikuwa kwenye bidhaa, ambako angalau mlaji alitajwa. Baadaye ikawa kwenye faida ya mwenye kiwanda.

Simu janja nazo zikafuata njia ile ile

Kama unasoma makala hii kwenye simu janja uliyonunua kati ya Julai 2021 na Juni 2022, ulinunua wakati wa msamaha. Bajeti ya 2021/22, chini ya Waziri Dk. Mwigulu Nchemba, iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu ili watu wengi zaidi waachane na vitochi na waingie kwenye intaneti. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, kwa maelezo yanayofanana na ya pedi: lengo halikufikiwa.

Tunadhani kosa hapa halikuwa la nia. Ni kwamba msamaha wa mwaka mmoja unamkuta muuzaji ana mzigo wa zamani dukani alioulipia kodi. Mpaka auishe, alete mpya, na washindani wake wafanye hivyo pia, Juni imefika. Bei hushuka pale wauzaji wengi wanapogombea mteja kwa muda mrefu, na mwaka mmoja ni mfupi kwa hilo.

Misamaha ambayo unaipata bila kujua

Tusije tukaeleweka kwamba kila msamaha ni bure. Ipo inayokufikia kila siku, na umeizoea mpaka huioni.

Mahindi, maharage, mchicha, mayai na samaki ambavyo havijasindikwa havina VAT. Dawa za hospitali hazina. Ada ya shule haina. Pango la nyumba ya kuishi halina. Maji ya bomba hayana VAT, lakini maji hayo hayo yakiwekwa kwenye chupa, asilimia 18 inaingia. Nauli ya daladala haina, ya teksi inayo. Mbolea, mbegu, viuatilifu na zana nyingi za kilimo zimo kwenye orodha ya msamaha. Petroli na dizeli hazina VAT pia, ila usifurahi mapema, zina ushuru wa bidhaa na tozo ya barabara. Kusamehewa kodi moja si kusamehewa zote.

Misamaha ya chakula inafanya kazi vizuri kuliko ya pedi kwa sababu rahisi. Mkulima anayeuza gunia la mahindi hana viwanda vitano nyuma yake vya kumlimbikizia VAT, na wauzaji wa mahindi ni wengi, wanagombana kwa bei. Nafuu haina pa kujificha. Na ukitaka kujua thamani yake, tazama kilichotokea kwa majirani zetu wakati nafuu ya namna hii ilipoguswa. Muswada wa Fedha wa Kenya wa mwaka 2024 ulikuwa na pendekezo la kutoza mkate VAT ya asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa katikati ya Juni, lakini hasira ilikuwa imeshawaka kwa hilo na mengine mengi. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni Nairobi, watu wakapoteza maisha, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatasaini muswada wote.

Ipo pia nafuu kwenye mshahara. Tangu Julai 2020, mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi ya mapato. Kabla ya hapo mpaka ulikuwa 170,000. Kiwango cha kwanza juu ya hapo kilishushwa mwaka 2021 kutoka asilimia 9 hadi 8. Mchango wako wa NSSF hutolewa kwanza kabla ya kodi kupigwa. Kwa hiyo kijana wa kiwandani Barabara ya Nyerere anayelipwa 300,000, akikatwa asilimia 10 ya NSSF anabaki na 270,000, na kodi yake ni sifuri. Kama hati yako ya mshahara inaonyesha tofauti, kaa na mhasibu muulizane.

Nafuu inayopotea kwa kukosa daftari

Hapa tunataka kukaa kidogo, maana ndipo wasikilizaji wetu wengi wanapoacha fedha zao.

Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4 hatozwi kodi ya mapato. Ni mauzo, si faida. Gawanya kwa siku 365 utapata karibu shilingi 11,000 kwa siku. Mama lishe wa Kiwalani anayeuza sahani kumi za wali kwa siku tayari amevuka, hata kama jioni anarudi nyumbani na elfu tatu tu. Vile vitambulisho vya shilingi 20,000 vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 vililenga watu walio chini ya mpaka huu.

Ukivuka milioni 4 bila kufika milioni 7, viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019 vinakupa njia mbili. Kama huna kumbukumbu za mauzo, unalipa shilingi 100,000 kwa mwaka, basi. Kama unazo, unalipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Tuseme umeuza milioni 5. Kilichozidi ni milioni 1, asilimia 3 yake ni 30,000. Daftari la shilingi elfu mbili limekuokolea shilingi 70,000. Kutoka milioni 7 hadi 11 ni vivyo hivyo: asiye na kumbukumbu analipa 250,000, aliye nazo analipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Mwenye mauzo ya milioni 8 na daftari safi analipa 120,000.

Hii nayo ni nafuu ya kodi kama ile ya mwekezaji mkubwa, tena kwa asilimia ni kubwa. Tofauti ni kwamba mwekezaji ana mwanasheria wa kumsomea sheria, na mama lishe ana sisi. Viwango hivi hubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka inayoanza Julai, kwa hiyo kabla ya kwenda kukadiriwa uliza ofisi ya TRA ya wilaya yako viwango vya mwaka huo, na nenda na daftari mkononi.

Mkulima naye ana yake. Mwaka 2017 ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na sheria inamtaka mnunuzi ndiye aulipe. Mwaka huo huo ilikatazwa kutoza ushuru kwa anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia. Ukiwa na magunia matano ya mahindi yako kwenye Fuso unayapeleka kwa mwanao Dar, ukasimamishwa kizuizini ukaambiwa lipa, omba uonyeshwe kanuni kabla hujatoa noti.

Misamaha mikubwa

Ukitoka Kiwalani ukaunganisha Tazara, ukafuata Barabara ya Mandela kuelekea Ubungo, unapita eneo la External. Pale kuna Eneo Maalumu la Kiuchumi la Benjamin William Mkapa, lenye viwanda ndani ya uzio. Sheria ya maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje ilikuwa ya mwaka 2002, na ilimpa mwekezaji mengi: likizo ya kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10, likizo ya kodi ya zuio kwenye gawio, riba na pango kwa miaka 10, na kutolipa ushuru wa forodha wala VAT kwenye malighafi na mashine. Sharti kubwa lilikuwa kuuza nje angalau asilimia 80 ya alichozalisha. Wawekezaji wengine walipitia Kituo cha Uwekezaji, TIC, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1997. Mwaka 2025 TIC na mamlaka ya maeneo hayo, EPZA, ziliunganishwa kuwa chombo kimoja, TISEZA.

Hoja ya serikali inaeleweka. Bila vivutio, kiwanda cha nguo kingekwenda Kenya au Ethiopia. Kikija hapa kinaajiri mamia ya vijana, wengi wao wasichana wa mitaa kama yetu. Vijana hao wanapanga vyumba, wanakula kwa mama lishe, wanatuma fedha kijijini. Hayo ni manufaa, na hayaonekani kwenye kitabu cha TRA.

Lakini hesabu ina upande wa pili. Fundi cherehani wa kiwanda cha namna hiyo akilipwa 400,000, baada ya NSSF anabaki na 360,000, na anakatwa kodi ya asilimia 8 ya kile kilichozidi 270,000, yaani shilingi 7,200 kila mwezi. Mwajiri wake kwa miaka kumi halipi kodi ya faida. Kisheria hakuna kosa. Ndivyo mkataba ulivyo. Swali linalobaki ni kama angekuja hata bila likizo hiyo. Kama angekuja, tumemlipa aje mahali alipokuwa anakuja.

Na wakati mwingine anayenufaika si hata mwekezaji. Zipo nchi zinazotoza kodi kampuni zake kwa faida iliyopatikana nje, zikitoa kile kilicholipwa ugenini. Kampuni ikilipa Tanzania, hailipi tena kwao kiasi hicho. Tukiisamehe, inalipa kwao. Shilingi yetu tumeihamishia Hazina ya nchi nyingine. Makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2021 ya kodi ya chini ya asilimia 15 kwa kampuni kubwa sana za kimataifa yamelifanya jambo hili kuwa zito zaidi, kwa sababu nchi moja ikisamehe, nyingine ina haki ya kuchukua kilichoachwa.

Kwenye madini historia ni ndefu. Sheria ya mwaka 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu asilimia 3 na kuruhusu migodi kutoa gharama zote za mitaji kabla ya kuhesabu faida, na nafuu nyingine zikafungwa ndani ya mikataba ya miaka mingi ambayo bajeti ya kila mwaka haikuweza kuigusa. Matokeo yake ni migodi kuchimba miaka na miaka huku vitabu vikionyesha hasara. Mrabaha ulipanda hadi asilimia 4 mwaka 2010, na mabadiliko makubwa ya 2017 yakaupeleka asilimia 6, pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1.

Jumla yake ni kiasi gani? Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali wa wakati huo, Ludovick Utouh, alieleza kwamba misamaha ya mwaka wa fedha 2011/12 ilifika shilingi trilioni 1.8, kutoka karibu trilioni 1 mwaka uliotangulia. Hiyo ilikuwa zaidi ya robo ya makusanyo ya TRA ya mwaka ule. Mwaka 2012 Baraza la Maaskofu Katoliki, BAKWATA na Jumuiya ya Kikristo walitoa ripoti ya pamoja wakiuliza nchi inawezaje kuzuia upotevu unaofikia dola bilioni moja kwa mwaka. Si mara nyingi taasisi hizo tatu huandika kitabu kimoja. Tuseme na hili ili tuwe wa haki: miaka mitatu kabla, mwaka 2009, Waziri Mustafa Mkulo alipopendekeza kupunguza misamaha ya taasisi za dini na asasi, viongozi wa dini walipinga vikali na serikali ikarudi nyuma. Kila mtu anaona vizuri msamaha wa jirani. Sheria mpya ya VAT ya 2014, iliyoanza kazi Julai 2015, ilifyeka sehemu ya orodha, ingawa kila bajeti tangu hapo imekuwa ikiongeza vingine na kutoa vingine.

Pengo hujazwa na nani

Serikali haiachi kutumia fedha kwa sababu imesamehe. Shule inajengwa, mkopo unalipwa. Kinachokosekana mahali pamoja hutafutwa pengine, na mara nyingi hutafutwa pale ambapo kukusanya ni rahisi. Julai 2021, mwezi ule ule simu janja ziliposamehewa VAT, ndipo tozo ya miamala ya simu ilipoanza, kutoka shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Hatusemi moja ilizaa nyingine. Fedha za tozo zilielezwa kuwa za madarasa, vituo vya afya na barabara. Tunasema tu kwamba aliyekuwa na kitochi kijijini hakupata nafuu ya simu janja, lakini tozo alipomtumia mama yake fedha aliilipa. Kelele zilikuwa kubwa, tozo ikapunguzwa asilimia 30 Septemba 2021, ikapunguzwa tena 2022, na Julai 2023 ikaondolewa kwenye kutuma fedha.

Ukinunua kitu cha msamaha

Mwisho, jambo linalowaumiza watu kimyakimya. Gari, mashine au vifaa vya ujenzi vilivyoingia nchini kwa msamaha, kwa jina la mradi, taasisi au mwekezaji, vimesamehewa kwa matumizi yale yaliyotajwa tu. Vikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi iliyoachwa inadaiwa. Kwa hiyo ukiona pikapu inauzwa kwa bei ya kushangaza na muuzaji anasema "ilikuwa ya mradi", omba nyaraka za forodha na nenda nazo TRA kuuliza kama kodi imelipwa, kabla ya kutoa fedha. Gari lisilolipiwa linaweza kukamatwa likiwa mikononi mwako, na wakati huo muuzaji hapokei simu.

Hilo linahusu pia trekta. Trekta la kilimo lina msamaha wa VAT, lakini tela na vipuri vyake havifuati moja kwa moja kila mara. Muulize muuzaji akuonyeshe kwenye risiti ya EFD kipi kimetozwa na kipi hakikutozwa, kimoja kimoja.